Udongo wa Petrousa

Mzee Stamatis hakumwachia mtu usukani. Tangu walipong'oa nanga Perama, upande wa bara, alikuwa amekaa tezini, nyuma ya mashua, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, akivuta pumzi kwa mdomo kama mtu anayepoza chai, na kila baada ya pumzi kadhaa kifua chake kilitoa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Walipoingia bandari ya kisiwa cha Petrousa alasiri ile, upepo wa kaskazini ukiwa umelegea kidogo, mlio huo ulimfikia bintiye Argyro mpaka omoni, mbele kabisa, alikosimama akiishikilia nanga.

"Angusha!" mzee akaita.

"Bado tuko mbali, baba."

"Angusha, nimesema! Bandari hii niliijua kabla mama yako hajakujua wewe."

Argyro akaiachia. Mnyororo ukaporomoka kwa kishindo, na mzee akairudisha mashua kinyumenyume, taratibu, tezi ikitangulia kuelekea gatini, kama zilivyofungwa mashua zote pale: uso baharini, mgongo nchi kavu. Pantelis, kaka yake Argyro, alikuwa tayari na kamba begani.

"Nahodha akigonga ukuta," alisema, "mimi nashuka kama abiria. Simjui wala hanijui."

"Wewe nyamaza. Makovu yote ya mashua hii ni kazi ya mikono yako," mzee akamjibu.

Kwenye gati mtu mmoja aliinuka juu ya ndoo aliyokuwa ameikalia akaja kupokea kamba. Alikuwa Yakoumis, mvuvi, ambaye aliwapokelea kamba kila Agosti walipokuja, tangu watoto wa Stamatis wakiwa wa kubebwa. Safari hii hakupiga mluzi wala hakuuliza wameleta nini cha kunywa. Shati lake lilikuwa jeusi, limefungwa mpaka shingoni kwenye joto lile, na ndevu alikuwa ameziachia zikaota ovyo. Argyro aliziona ndevu, akajua kuna msiba.

"Pole, Yakoumis," alisema. "Nani?"

"Mwanangu Sarantis." Aliizungusha kamba kwenye chuma cha gati, akaikaza, akaijaribu kwa mguu. "Alipanda juu ya paa kutengeneza tangi la maji ya moto. Tangi zima, paa zima. Yeye ndiye aliyeteleza."

Pantelis na Sarantis walikuwa wamevua pweza pamoja kwenye miamba ile ile.

"Padri alitupigia simu kwamba kaburi linahitajika," mzee Stamatis akasema hatimaye. "Hakutuambia ni la nani."

"Ni la kwangu." Yakoumis alimnyooshea mkono kumsaidia kushuka. "Lakini msiharakishe, mzee. Mtoeni mama yao kaburini kwa utaratibu wake. Sisi tuna barafu. Ni barafu ya samaki, mama yake hataki hata kuisikia, lakini inamhifadhi kijana."

Petrousa ni mwamba. Udongo wa makaburi ulipandishwa pale na wazee kwa vikapu, juu ya migongo ya punda, na haukutosha kila mtu kulala milele. Maiti hukaa miaka mitatu. Kisha jamaa zake huja, humfukua, huiosha mifupa yake kwa divai, huiweka katika sanduku ndani ya nyumba ya mifupa nyuma ya kanisa, na udongo humpokea mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa wote, na Anezina, mke wa Stamatis, mzaliwa wa pale, alikuwa amemaliza muda wake.

Alifia kisiwani humo humo, Agosti, katika safari ya familia kama hii. Alikuwa mgonjwa tayari, dawa za saratani zimemmaliza nywele, lakini alitaka kuiona bandari yao. Upepo ukavuma, meli za abiria zikasimama, na joto halikuwapa nafasi. Wakamzika. Siku ile Stamatis alisema mbele ya kaburi kwamba anamwacha kwa muda tu, na kwamba atakuja kumchukua kwa mashua yake mwenyewe.

Sasa alikuwa amekuja. Ndani ya mashua, chini ya kitanda, kulikuwa na sanduku alilolichonga mwenyewe kwa mbao za mberoshi, yeye aliyekuwa fundi seremala wa meli kule Perama mpaka vumbi la karakana lilipomjaa mapafuni. Lilikuwa pana kuliko masanduku ya kawaida, na katikati alikuwa ametia ubao mwembamba.

"Upande wake, upande wangu," aliwaambia watoto siku alipolimaliza. "Mama yenu hakupenda nimbane kitandani."

Walicheka kidogo, kwa sababu alitaka wacheke. Daktari alikuwa amekwisha kusema nao wote watatu chumbani mwake, akiyatazama makaratasi badala ya kuwatazama wao, kwamba msimu wa baridi unaokuja huenda mzee akauona, unaofuata hapana. Mzee aliuliza swali moja tu: kama anaweza kusafiri baharini mwezi wa nane. Hakuwa na ombi jingine duniani ila hili: kumleta mkewe nyumbani angali na pumzi ya kuishika nanga, kisha kulazwa naye.

Jioni walikula kwa Marouso, dada mkubwa wa Anezina, ambaye hakuolewa na alibaki katika nyumba ya wazazi wake juu ya bandari. Aliwawekea mbaazi, zeituni na jibini, akasimama kando, mikono kaikunja. Hakuwahi kukaa mezani na Stamatis.

"Umekonda, shemeji," alisema. "Huko Perama hakuna chakula?"

"Chakula kipo. Hewa ndiyo hakuna."

"Hewa uliiacha hapa. Ulibeba vingine."

"Mama mkubwa," Argyro akasema kwa upole, "leo tuiache."

"Nimesema nini? Nimesema hewa." Akamwongezea mzee mbaazi bila kuulizwa. "Kula. Kesho utasimama sana."

Kisa chao kila mtu bandarini alikijua. Stamatis alifika kijana, fundi kwenye meli ya mizigo iliyokuja kujificha upepo. Ilipoondoka, Anezina naye hakuonekana. Hakuaga. Baba yao alikaa dirishani akiitazama bandari mpaka macho yakafa, na Marouso ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamzika, kisha akamzika na mama. Baadaye Anezina alirudi kila Agosti, na ndugu zake wa kijijini wakambusu. Marouso naye alimbusu. Lakini Stamatis, yule aliyemtorosha, Marouso alimwita "huyo wa Perama" kwa miaka yote hiyo, hata akiwa amesimama mbele yake.

Asubuhi, jua likiwa bado chini, walipanda makaburini: mzee, watoto wake wawili, Marouso na beseni lake na chupa za divai, na Padri Lefteris, ambaye alikuwa amelala vibaya na hakulificha hilo. Pantelis alibeba sanduku. Baba alipumzika kila penye kona, na walipofika akakaa kwenye kibao cha mawe kando ya lango, mgongo ukutani, mbali kidogo na kaburi. Alisema atasogea wakiifikia mifupa.

Pantelis alichimba. Alikuwa dereva wa kreni, mtu wa vyuma, na jembe halikumzoea.

"Taratibu," Marouso alimwambia. "Huchimbi msingi wa nyumba."

"Mama mkubwa, njoo uchimbe wewe basi."

"Nitachimba. Ukifika kwenye mbao, toka."

Alipogusa mbao akatoka, na Marouso akashuka yeye, sketi nyeusi kaikunja kiunoni, akaanza kuondoa udongo kwa mikono. Alikuwa amefukua wengi. Kisiwani mwake kazi ile ni ya wanawake wa ukoo. Mara zote ni hivi: mbao zimekuwa unga, nguo zimekuwa vumbi, na kwanza hutoka fuvu, hupanguswa, hubusiwa, hukabidhiwa aliye karibu zaidi. Argyro alikuwa amepiga magoti ukingoni na kitambaa cheupe, mikono mbele, akingoja kukabidhiwa mama yake.

Akaona rangi ya buluu.

Ilikuwa buluu ile ile ya gauni alilozikwa nalo. Udongo ulikuwa umeitia madoa, lakini vifungo viling'aa, na mkono wa nguo ulikuwa umejaa. Kisha harufu ikapanda. Pantelis akageuka, akatembea haraka mpaka nyuma ya ukuta, na wakamsikia akitapika.

Marouso alishika pindo la ile nguo kati ya vidole viwili, akalivuta, halikuchanika. Akalivuta tena kwa nguvu.

"Nailoni," akasema.

Argyro alibaki na kitambaa mikononi. Siku ile ya kifo, Marouso alikuwa amefungua kasha la mama yake akatoa gauni la pamba, refu, jeupe, akasema hili ndilo linalovaliwa kwenda chini. Na Argyro, akiwa amechoka kulia, alimjibu kwamba mama yake hakuwa bibi wa kijijini, kwamba atazikwa kama alivyopenda kuonekana. Akamvalisha gauni la buluu la harusi ya Pantelis, lenye bitana ya satini, na soksi ndefu za dukani mpaka mapajani, na miguuni akamfunga mfuko wa plastiki kabla ya viatu, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na kuvuja, naye hakutaka viatu vichafuke. Alifanya yote kwa uangalifu sana.

"Na dawa zile," Padri Lefteris akasema polepole. "Siku hizi wengi wanaokunywa dawa zile wanachelewa. Udongo haujui la kufanya nao."

"Dawa sawa," Marouso akasema. "Lakini nailoni."

"Watu watasema mengine."

"Watu waseme."

Wote watatu waliyajua hayo mengine. Maiti asiyeoza amefungwa. Kuna aliye hai mwenye kinyongo naye ambaye hajamfungulia. Padri hakusema kama analiamini au la. Alivaa stola, kile kitambaa cha ibada, shingoni, akawaomba jamaa za Anezina wamsamehe kwa sauti, mmoja mmoja, kama desturi.

Pantelis alirudi, macho mekundu, akasema, "Nimekusamehe, mama." Argyro alisema vile vile, ingawa alijua msamaha ulitakiwa kwenda upande mwingine. Baba yao, palepale kwenye kibao, alivua kofia na kusema kitu kisichosikika. Marouso, angali ndani ya shimo, alijibu bila kusitasita.

"Anezina nimemsamehe zamani. Alipoleta mtoto wa kwanza nilimsamehe." Akainua uso kuelekea langoni. "Mwingine sijamsamehe, Padri, na hayumo humu kaburini. Kwa hiyo usimtafute mchawi."

Likabaki la kufanya. Anezina hangeweza kurudishwa palepale; udongo uliokwisha kumkataa mtu haurudishiwi. Tena Sarantis alikuwa kwenye barafu, na hakuna ambaye angemlaza kijana kama yule kule ukutani. Kule ukutani, upande wa kaskazini, palikuwa na kipande chembamba cha udongo kwa ajili ya waliochelewa. Anezina angehamishiwa huko, angefunikwa, angengojwa miaka mingine mitatu.

Stamatis alipoelezwa, hakupandisha sauti. Hakuwa na pumzi ya kuipandisha.

"Pantelis," alisema, "shuka mashuani. Kuna tanga la akiba, lile nene. Lete na kamba."

"Baba..."

"Tutamfunga vizuri. Nimefunga mizigo mibaya zaidi. Upepo ukituchukua, kesho alfajiri tuko nyumbani, na huko nitajua la kufanya."

"Nyumbani wapi?" Padri akauliza kwa sauti ndogo. "Nani atakupokelea? Mzee wangu, bandari yoyote mtakayoingia na..."

"Sikukuuliza wewe." Alimtazama mwanawe. "Tanga."

Pantelis alimtazama dada yake. Jasho lilimtiririka na udongo usoni. "Mimi nitafanya atakavyo," alisema. "Atakavyo yeye, Argyro. Amebakiza nini?"

Nje ya lango, chini ya kivuli cha ukuta, Yakoumis alikuwa amefika na jembe lake, amevua kofia. Alikuja kuandaa mahali pa mwanawe. Alisikia yote, akainamisha kichwa na kujifanya anakwangua matope kwenye mpini.

Argyro alijua kwamba akinyamaza, tanga litaletwa. Kaka yake angemfunga mama yao kwa macho yaliyofumbwa, na baba angekaa usukanini na mzigo ule miguuni pake, na jua juu yake. Alijua pia kwamba akisema hapana, anamnyima mtu anayekufa kitu kimoja alichoomba. Na aliyemfikisha hapo alikuwa yeye, kwa mikono yake, kwa satini na plastiki. Hakupata njia ya tatu, ingawa aliitafuta.

"Baba, wewe hujamwona," alisema.

"Sina haja."

"Njoo umwone. Kisha ukisema tanga, nitalileta mimi."

Alimshika mkono. Walitembea polepole kati ya misalaba, mzee akisimama kila hatua chache. Marouso alijisogeza pembeni ya shimo, akaondoa mkono wake kwenye ile nguo kama mtu anayempisha mwenye nyumba.

Stamatis alitazama. Alitazama kwa muda mrefu sana, hata Padri akaanza kusali midomoni ili afanye kitu. Mlio wa kifua chake ulikuwa ndio sauti pekee pale. Argyro alimshikilia chini ya kwapa, akausikia mwili wake wote ukiwa mwepesi kama kapu.

"Vifungo vyote vipo," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Habebeki."

"Habebeki, baba. Akibebwa mpaka mashuani atameguka."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, kama fundi anayekubaliana na fundi mwenzake juu ya ubao uliooza. Kisha akaivaa kofia. "Mhamisheni basi. Msimburute."

Walimhamisha juu ya mlango wa zamani wa kanisa, Pantelis na Yakoumis wakishika pembe mbili, wanawake mbili. Yakoumis alikuwa ameingia bila kuitwa. Kule ukutani Marouso alitoa mkasi mfukoni mwa aproni yake, mkasi wa jikoni, akauelekeza kwa Argyro upande wa mshikio.

"Ichane," alisema. "Mbele, juu mpaka chini. Na soksi. Na huo mfuko. Udongo upate pa kuingilia."

"Mama mkubwa, siwezi."

"Ulimvisha, utamvua."

Haikusemwa kwa ukali. Argyro alichukua mkasi. Kitambaa kilikuwa kigumu na kilikataa kukatika sawasawa. Alianzia shingoni akashuka, kifungo kwa kifungo, akipumua kwa mdomo. Alipofika miguuni ilimbidi ainue kisigino. Marouso alikishika kwa ajili yake. Walipomaliza, Marouso alifungua divai iliyokuwa ya kuoshea mifupa akaimwaga yote juu ya marehemu, kwa kuwa haikuwa na kazi nyingine, kisha wakamfunika.

Walipogeuka, mzee hakuwapo kaburini wala kwenye kibao. Walimkuta katika nyumba ya mifupa, amelitia sanduku lake kwenye rafu ya chini, kati ya sanduku la bati la mtu fulani na ukuta. Alikuwa akilisukuma kwa goti lilingane na mengine.

"Litangoja hapa," alisema. "Halina haja ya kwenda na kurudi."

Wakati huo bado hawakumwelewa.

Walimwelewa gatini. Upepo ulikuwa umeanza kuamka. Maji nje ya bandari yalikuwa yamegeuka meusi na kupasuka meupe hapa na pale, na wasipotoka saa ile wangenaswa wiki nzima. Pantelis alikuwa ameshaiwasha injini. Kazini kwake walikuwa wamempa ruhusa kwa shingo upande. Argyro alimnyooshea baba yake mkono apande ubao wa kuingilia mashuani.

"Nendeni," mzee akasema. "Mimi nabaki."

"Unabaki wapi?"

"Hapa. Aliko."

"Baba, usifanye mchezo. Dawa zako, mashine yako ya hewa iko Perama..."

"Dawa ninazo. Mashine mtaileta kwa meli ya abiria, kesho kutwa, wiki ijayo, itakapokuja. Nisipoihitaji tena mtapumzika na uzito wake."

"Hapa kuna daktari mmoja tu, kijana, hata ndevu hana!"

"Hao madaktari wa mjini Piraeus wenye ndevu wamenifanyia nini?"

Pantelis alizima injini. "Kwa hiyo tukuache ufe kwenye gati kama paka?"

"Atalala kwenye kitanda cha baba yangu," Marouso akasema. Alikuwa ameshuka nyuma yao, mikono kaikunja, na hakuna aliyemsikia akifika. "Kinanguruma. Lakini yeye naye ananguruma, watazoeana."

Stamatis alimgeukia. "Sikukuomba, shemeji."

"Na mimi sijakusamehe."

"Sijaomba hilo pia."

"Basi tumeelewana." Akamtazama Argyro. "Usinitolee macho, mwanangu. Nimewaogesha wawili katika chumba kile. Huyu najua kumwogesha. Na wakati wake ukifika, tutamvisha pamba."

Argyro alihisi neno lile likimwingia na kukaa. Halikuwa tusi. Mama yake mkubwa alikuwa anampangia kazi, kama anavyopangiwa mtu wa nyumbani. Kwamba atarudi hapa kumzika baba yake. Kwamba atarudi tena miaka ikitimia, na safari hiyo atawafukua wawili, na yeye ndiye atakayepiga magoti ukingoni na kitambaa.

"Nitabaki naye," alisema. "Pantelis aende."

"Na nanga atainua nani?" mzee akadakia. "Huyu? Ataleta kisiwa kizima juu!" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikamkunja, wakangoja kiishe. Alipoinuka, midomo ilikuwa imegeuka rangi. "Nenda, Argyro. Nenda na kaka yako. Sitaki kukuona umekaa unanisikiliza ninavyopumua. Nimeshamfanyia hivyo mama yako. Najua ni kazi gani."

Alimbusu shavuni, harakaharaka, akiwa na harufu ya udongo na divai. Kisha akainama mwenyewe kuifungua kamba ya kwanza. Fundo likamshinda. Marouso akamsogeza kwa bega akalifungua.

Kengele ya kanisa ilianza kulia mashua ilipokuwa inaachana na gati, mara moja, kimya, mara moja. Argyro alikuwa omoni akivuta mnyororo, ukipanda mzito na matope, na alitakiwa kutazama mbele kwa sababu Pantelis hakuiona nanga kutoka usukanini. Ilipojichomoa akainua mkono kumwonyesha iko huru. Hapo tu ndipo alipogeuka.

Jeneza la Sarantis lilikuwa linapita kando ya maji, mabegani mwa vijana wa bandari, wazi kama desturi, na nyuma yake Yakoumis na mkewe, na nyuma yao kisiwa chote. Baba yake Argyro alikuwa ameivua kofia. Alifunga kifungo cha juu cha shati lake, akangoja watu wapite, akajiunga mkiani mwa msafara.

Alitembea kidogo akasimama, mkono ukutani, akitafuta pumzi. Msafara ukazidi kumwacha. Marouso, aliyekuwa mbele yake, naye akasimama. Hakugeuka nyuma wala hakumnyooshea mkono. Alisimama tu katikati ya njia, uso kuelekea kanisani, mpaka mzee alipoinua mguu tena, ndipo naye akaendelea.

"Argyro!" Pantelis akaita. "Nifanye nini? Nirudi?"

Mawimbi ya nje yalikuwa yamekwisha kuanza kuinyanyua omo.

"Nenda," akamwambia.